Kuwapima macho watoto wa maandalizi: kazi ni baada ya kipimo

Mtoto asiyeona vizuri hasemi kwamba haoni. Atasemaje, naye hajapata kuona vinginevyo? Chuoni ataliinamia juzuu mpaka pua iguse ukurasa, maalim amwambie akae sawa. Na yule ambaye jicho moja ni zima hata dalili hiyo hana. Atasoma, atadaka mpira, na jicho la pili linazidi kusahauliwa na ubongo.

Huyo wa mwisho ndiye anayenifanya niwaunge mkono wanaotaka watoto wapimwe macho wakiwa skuli ya maandalizi, na miaka 4 au 5. Jicho hilo linalosahauliwa na ubongo huitwa jicho vivu. Si makengeza, mara nyingi halijulikani kwa kulitazama. Mtoto akishavuka miaka 7 au 8, kulirudisha ni kazi ngumu. Akiwahiwa, hupewa miwani, na ikibidi huzibwa jicho zima ili vivu lifanye kazi. Utafiti wa Marekani uliotoka 2003 ulionesha kuwa, kwa tatizo la wastani, kuziba saa 2 kwa siku kulifaa sawa na saa 6.

Kipimo chenyewe ni dakika chache. Mtoto anaoneshwa herufi E zilizogeuzwa huku na kule, naye anaonesha kwa vidole zimeelekea wapi. Kusoma si lazima. Muhimu ni kuziba jicho mojamoja, na kuziba barabara, maana wajanja huchungulia pembeni ya kiganja. Nilimwona mmoja aliyezibwa jicho la kulia akatulia tuli. Alipozibwa la kushoto, ndilo alilokuwa akionea, akausukuma mkono akaangua kilio. Herufi hata hazijaanza.

Wanaosita, hata hivyo, wana hoja nzito. Mtoto wa miaka 4 huona haya, huchoka, hucheza, na wengine watashindwa kipimo ilhali macho yao ni mazima. Mama wa Kojani, kisiwa kidogo kando ya Pemba, avuke kwa boti, apande gari hadi mjini Chake Chake, siku ipotee, halafu aambiwe mwanawe hana kitu. Akiitwa kwa mtoto mwingine, haendi. Hili lina dawa: mwalimu arudie kipimo wiki ya pili kabla ya kumwandikia mzazi barua ya kumpeleka mtoto hospitali.

Gumu ni miwani. Kumwambia mzazi mwanao haoni, kisha miwani isipatikane au bei imshinde, ni kumpa usiku wa mawazo bure. Hata ikipatikana, wenzake watamwita babu, ataificha begini. Na mtoto hukua, ya mwaka jana haimfai tena. Lawama hizo mwalimu wa maandalizi hazimhusu, ila mpango wowote usiozihesabu ni wa kupigia picha.

Kwa hiyo fedha zikiwa chache, nisingeanza na skuli zote za Unguja na Pemba. Ningechukua chache, mtaalamu aje na fremu za kitoto huko huko kisiwani, nijue kila aliyepewa barua alifikia wapi, na kama baada ya miezi sita bado anaivaa miwani yake. Ndipo niongeze nyingine.