Hapakuwa pori

Jumamosi tulikuwa na kikao cha mtaa huku kwetu Mabatini, Mwanza, mtaa uliojengwa juu ya mawe. Ajenda ilikuwa njia ya gari la zimamoto, na kwa hilo sina ugomvi: nyumba zimebanana, moto ukishika tutateketea. Kilichoniuma ni kauli ya mtaalamu aliyekuja na ramani: "Kabla yenu hapa palikuwa pori tu, halina mwenyewe."

Kauli hiyo ni ya kale. Wajerumani walijenga kituo chao Mwanza mwaka 1892. Novemba 1895 likatoka tamko la Kaisari wao wa Ujerumani kwamba ardhi isiyo na mwenyewe ni mali ya Taji, yaani ya dola yake. Liliwaachia upenyo watemi na jamii zenye kuthibitisha madai yao, nakubali. Lakini wathibitishe mbele ya nani? Mbele ya mtu anayeuona umiliki penye jembe na paa tu!

Marehemu bibi, mzaliwa wa Magu, alinionyesha safu ya minyaa, miti ya kuzungushia ua, katikati ya mbuga. "Mjukuu wangu, minyaa haijipangi yenyewe. Hapa palikuwa na kaya." Wale walihama udongo ulipochoka. Itongo, shamba la kaya kwa Kisukuma, ulipewa ulilime. Ukiondoka, linarudi kijijini akapewa mwingine. Na ngitili, malisho ya akiba, je? Majani yanafungwa masika yote, ng'ombe hawakanyagi, ili kiangazi kundi lisife. Mpita njia wa mwezi Machi ataona nyika tupu. Mwenye ng'ombe anaona chakula cha Septemba. Utupu ule ulilindwa na watu, kwa makubaliano, na aliyeuvunja alitozwa. Halafu mgeni anapita siku moja, anauandika kuwa hauna mwenyewe!

Waingereza nao, mwaka 1923, wakaifanya ardhi yote ya umma chini ya Gavana. Haki za kimila zikatajwa katika sheria mwaka 1928. Mjini tukagawanywa: uzunguni, uhindini, uswahilini. Upepo wa ziwa wakauchukua wakubwa wa Capri Point, rasi ya uzunguni. Aliyebeba mizigo bandarini na stesheni alilala pasipopimwa, na wajukuu zake leo wanaitwa wavamizi.

Njia ya zimamoto ipite. Ukuta wangu umeingia kwenye alama, nitaubomoa mwenyewe. Ila kwenye fomu ya ridhaa, mstari wa pili, wameandika "eneo lililokuwa pori". Nimeomba maneno hayo yafutwe kwanza. Fomu iko mezani kwangu, bado sijasaini.