Faili la vigezo vya droni: hoja ya kutetea mstari wa amri

Miongoni mwa wanaorusha droni zenye programu huria ya ArduPilot yamezoeleka maoni kwamba kusimamia vigezo, yaani namba za mipangilio ya droni, kwa mstari wa amri, kupitia MAVProxy, programu ya kuiongoza droni kwa amri zinazoandikwa, ni mazoea ya waandishi wa programu tu, na kwamba fundi hana sababu ya kuliacha dirisha la Mission Planner, programu ya kompyuta ya kubofya, ambamo kila kigezo kina maelezo, kipimo na mipaka yake. Maoni hayo yana msingi, lakini yanapima chombo kwa wepesi wa kubadilisha thamani moja, ilhali ugumu wa kazi hii uko katika kujua, miezi kadhaa baadaye, ni kipi kilibadilishwa na kwa sababu gani.

Tuchukue RTL_ALT, kigezo kinachoipangia droni ya rafadha nyingi kimo cha kurudia nyumbani. Katika matoleo ambayo wengi wameyazoea, thamani yake huandikwa kwa sentimita, na 1500 ya kiwandani ni mita 15. Anayedhani anaandika mita huweka 30, akiamini ameongeza usalama. Droni haitashuka hadi sentimita 30, kwa kuwa hurudi kwa kimo ilichonacho ikiwa tayari iko juu zaidi. Lakini haitapanda kuvuka miti iliyo njiani, na kosa hilo litabaki limejificha katika kila safari ya uwanja wa wazi, hadi siku mawasiliano yatakapokatika nyuma ya mwembe na droni ikarudi yenyewe. Dirisha huonyesha kipimo cha sentimita, na hilo ni jambo jema, ingawa jicho lililochoka hulipita. Amri ya “param diff” ya MAVProxy huorodhesha kila kigezo kilichotofautiana na thamani ya kiwandani, na katika orodha hiyo 30 kando ya 1500 haiwezi kupita kimyakimya.

MAVProxy inapounganishwa na droni husoma vigezo vyote, ambavyo hufikia zaidi ya 1,000, na kuviandika katika faili liitwalo mav.parm bila kuombwa. Faili hilo ni maandishi matupu, jina na thamani, hivyo git, programu ya kutunza historia ya mabadiliko ya mafaili, huweza kuonyesha mistari miwili iliyobadilika tangu jana pamoja na sababu iliyoandikwa na aliyeibadilisha. Haishangazi kwamba chombo hiki kilibuniwa na Andrew Tridgell, mwanzilishi wa Samba, programu ya kushirikisha mafaili kati ya kompyuta, na mmoja wa waandishi wa rsync, ya kunakili tofauti za mafaili tu. Mission Planner nayo huhifadhi na kulinganisha mafaili, lakini humtegemea mtu akumbuke kubofya. Amri za MAVProxy zilizoandikwa katika hati ya amri (script) hurudiwa kwa droni ya kumi kama zilivyotekelezwa kwa ya kwanza.

Wapinzani wana hoja moja nzito, nayo inatokana na wepesi huohuo. “Param load”, amri ya kupakia faili la vigezo katika droni, humimina faili zima bila kuuliza kila thamani imetoka wapi. Faili la droni moja likipakiwa katika nyingine, masahihisho ya dira kama COMPASS_OFS_X na ya vihisi vya mwendo kama INS_ACCOFFS_X, ambayo ni ya kifaa kimoja tu, huhamia pasipostahili. SYSID_THISMAV nayo, namba ya utambulisho wa droni katika matoleo hayohayo yaliyozoeleka, huzipa droni mbili namba moja katika mtandao mmoja wa redio. MAVProxy huruka vigezo vichache vya aina hii, lakini dira haimo. Kwa mwanafunzi asiyejua majina hayo, dirisha ni salama zaidi, nami ningemwanzishia huko.

Kwa anayetunza droni kadhaa, hatari hiyo inazuilika ndani ya chombo chenyewe, kwa kuwa “param load” hukubali kichujio cha majina. Ukitaja ATC_*, yaani kila jina linaloanza na ATC_, huingia vigezo vya udhibiti wa mkao tu. Faili la pamoja basi libebe vile tu ambavyo droni zote za muundo mmoja hushiriki, dira na vihisi vipimwe upya juu ya kila droni, na “param diff” iendeshwe kabla ya betri kufungwa kwa safari ya kwanza.