Sahani ya Plastiki Haijawahi Kulazwa Wodini

Juzi kichwa cha habari kilekile kimezunguka tena kwenye makundi ya WhatsApp: mafuta ya mdalasini yasambaratisha utando wa bakteria sugu, yaani ule ute wanaojijengea na kujificha ndani yake kwa pamoja. Aliyenitumia akaongeza lake, "Wa hospitali hawataki mjue haya." Nikautafuta utafiti wenyewe nikausoma. Hakuna mgonjwa humo. Hakuna hata panya. Kuna sahani ya plastiki yenye vishimo 96.

Sina ugomvi na mimea. Ugomvi wangu ni na sahani hiyo, na watafiti waliohamia humo wakagoma kutoka.

Utaratibu wao mnaujua. Majani yanapondwa, yanalowekwa kwenye ethanoli, yanachujwa. Kinachopatikana kinamiminwa kwenye vishimo pamoja na bakteria, sahani inalazwa usiku kucha, asubuhi inaoshwa na kutiwa rangi ya zambarau. Rangi ikififia, shangwe! Makala inachapishwa, na sentensi ya mwisho inasema utafiti zaidi unahitajika. Ufanywe na nani, mtafiti si wewe?

Tazama basi kilichopimwa. Dawa imetiwa saa ileile waliyotiwa bakteria, kabla hawajashika popote. Huko ni kuwazuia wasijenge. Mgonjwa mwenye nyonga ya bandia iliyoingiwa na bakteria, au mwenye kidonda cha kisukari kisichofunga, haji hospitali saa ya kwanza. Anakuja wameshajenga. Wamejizungushia ute wa sukari, protini na DNA iliyomwagika kutoka kwa wenzao waliokufa, na wale wa chini kabisa wamesinzia, hawakui wala hawagawanyiki, wakati antibiotiki nyingi zinamwinda anayekua. Ndiyo maana bakteria wa kwenye utando wanaweza kustahimili dawa hata mara 1,000 kuliko walivyokuwa wakielea mmoja mmoja. Kupima kinga halafu kutangaza tiba ni kumvisha askari nishani ya vita ambayo hajaiona. Na ile rangi ya zambarau? Inashika seli hai, seli mfu na ute wote kwa pamoja. Haijui nani mzima. Sasa hilo neno "imeua" limetoka wapi?

Bado hatujagusa kipimo cha dawa. Kiasi kinachotosha kishimo mara nyingi hakifikiki kwenye damu ya mtu. Kurkumini, kemikali iliyomo kwenye bizari ya manjano, ndiyo bingwa hapa: utumbo hauinyonyi ipasavyo, na mwaka 2017 wanakemia wa dawa waliandika kwa kirefu jinsi inavyovidanganya vipimo vya maabara, kwa kung'aa yenyewe na kushikamana na protini ovyoovyo. Tafiti zake zinaendelea kumiminika kama kawaida.

Wapo waliotoka kwenye sahani, na hao nawavulia kofia. Chukua kitunguu saumu. Bakteria aina ya Pseudomonas aeruginosa huhesabiana kwa kemikali. Wakishajiona wametosha, ndipo wanapoachia sumu zao na kujiimarisha. Mwaka 2005 watafiti wa Denmark walionyesha kuwa dondoo la kitunguu saumu linavuruga mawasiliano hayo, na panya waliopewa walisafisha mapafu yao haraka zaidi. Mwaka 2012 wakaitambua ajoeni, kemikali mojawapo ya kitunguu saumu, kuwa ndiyo inayofanya kazi hiyo. Katikati hapo, mwaka 2010, yalichapishwa matokeo ya jaribio dogo la vidonge vya kitunguu saumu kwa wagonjwa wa sistiki faibrosisi, ugonjwa wa kurithi unaojaza mapafu ute mzito: hakuna tofauti ya maana. Hilo hulioni likisambazwa. Lakini kazi ni hiyo jamani! Binadamu akaulizwa, akajibu, na jibu halikupendeza. Mimi jaribio moja la namna hiyo nalipokea kuliko sahani mia za mdalasini.

Kranberi, lile tunda dogo jekundu, nalikubali kwa shingo upande. Nimelikejeli sana, na mwaka 2012 mapitio ya Cochrane, shirika linalokusanya na kupima tafiti za tiba, yalikuwa upande wangu. Mapya ya 2023, yenye tafiti 50, yakageuka: kwa wanawake wanaosumbuliwa na maambukizi ya njia ya mkojo mara kwa mara, hatari ilipungua kwa takriban robo. Kwa wazee wanaoishi kwenye vituo vya matunzo, faida haikuonekana. Na angalieni, huko ni kuzuia bakteria wasishike. Hakuna aliyeshika akang'olewa.

Na kama kuna anayekushauri unywe mafuta ya karafuu kwa kijiko: mafuta hayo yameshaharibu maini ya watoto wadogo. Hayo nayo ni ya asili.

Fedha zingekuwa zangu, ningezipeleka mahali ambapo mmea unaufikia utando bila kupitia damu. Mdomoni, kwa mfano. Thimoli ya zaatari na mentholi ziko kwenye dawa za kusukutua, zimejaribiwa kwa miezi kwenye meno ya watu halisi, zinapunguza ukoga, na bado huwezi kuutupa mswaki. Au kwenye vidonda. Au zipakwe kwenye mpira wa mkojo kabla haujaingizwa. Ziwe pamoja na antibiotiki, si badala yake. Na utando wa kujaribia ningeudai uwe wa siku kadhaa, uliokomaa, usiwe huo wa usiku mmoja, na bakteria walio hai wahesabiwe mmoja mmoja badala ya kuitazama rangi.