Mkutano mkubwa wa teknolojia ya elimu, na laki nne za shule ya Newala

Mwezi Mei 2025 mkutano wa eLearning Africa, unaowakutanisha walimu, wakuu wa shule, maofisa wa wizara na wauzaji wa vifaa kutoka pande mbalimbali za bara hili, ulifanyika Dar es Salaam kwa mara ya pili, baada ya ule wa 2011. Kwa sisi wa kusini hiyo ilikuwa nafasi adimu, kwa sababu mikutano mikubwa ya aina hii huwa mbali mno: Bett hufanyika London kila Januari, na ISTE hufanyika Marekani katikati ya mwaka. Safari hii ilitosha kupanda basi. Hata hivyo, katika shule ya msingi ninayofundisha wilayani Newala, walimu waligawanyika kuhusu kama inafaa mtu aende, na tangu niliporudi mgawanyiko huo haujaisha. Kwa kuwa mimi ndiye niliyekwenda, naona ni wajibu wangu kuzipima kwa haki hoja za waliobaki.

Hoja yao ya kwanza ni ya fedha, nayo ni nzito. Nauli ya kwenda na kurudi, malazi ya siku nne na chakula vilikaribia shilingi laki nne, kabla ya kuhesabu ada ya kujiandikisha, ambayo kwangu ililipwa na mfadhili. Ruzuku ya uendeshaji wa shule ya msingi imepangwa kwa kiwango cha shilingi 10,000 kwa mwanafunzi kwa mwaka. Kwa maneno mengine, safari ya mwalimu mmoja ni sawa na fungu la mwaka mzima la watoto 40, na katika fungu hilo ndimo zinamotoka chaki, karatasi za mitihani na matengenezo ya madawati. Tena niliondoka wiki chache kabla ya mtihani wa muhula, na vipindi vyangu vya hisabati vilibebwa na mwenzangu ambaye tayari alikuwa na mzigo wake.

Hoja ya pili inahusu kile kinachopatikana huko. Sehemu kubwa ya mkutano wa namna hii ni mabanda ya maonyesho, na mwenye banda amekuja kuuza. Nilisimama mbele ya ubao wa kidijitali uliokuwa uking'aa kama dirisha la duka, muuzaji akaniuliza darasa langu lina wanafunzi wangapi. Nilipomjibu kuwa ni 87 akanyamaza kidogo, kisha akasema programu yao imetengenezwa kwa wanafunzi 30. Ripoti ya UNESCO ya 2023 kuhusu teknolojia katika elimu ilieleza kwamba nchini Uingereza ni asilimia 7 tu ya kampuni za teknolojia ya elimu zilizokuwa zimefanya majaribio ya kulinganisha makundi yaliyochaguliwa kwa bahati nasibu. Nchi ya Peru nayo iligawa kompyuta mpakato kwa mamia ya maelfu ya watoto, lakini tathmini iliyotolewa 2012 haikuona ongezeko la ufaulu katika hisabati wala lugha. Mwalimu anayetembea kwenye mabanda bila kuyajua haya anaweza kurudi na hamu ya kununua kitu ambacho hata wauzaji wenyewe hawajathibitisha kuwa kinafundisha.

Pamoja na hayo, sikubaliani na wanaosema kwamba tungebaki tu na MEWAKA, yaani mafunzo endelevu ya walimu kazini, katika jumuiya yetu ya ujifunzaji pale shuleni. Mafunzo hayo nayapenda, na ndiyo yaliyonifundisha kuandaa somo la sehemu kwa vipande vya muhogo. Udhaifu wake ni kwamba jumuiya ya walimu wanane inaweza kuzunguka miaka mitatu ndani ya yale ambayo wanane hao tayari wanayajua. Vishikwambi vilivyotumika katika Sensa ya 2022 viligawiwa kwa walimu, na vyetu tunavyo. Vilikaa kabatini, ufunguo mfukoni mwa mwalimu mkuu, kwa hofu ya upotevu na kwa sababu hakuna aliyejua la kuvifanyia zaidi ya kusoma nyaraka. Kifaa kilifika, maarifa hayakufika pamoja nacho.

Maarifa hayo niliyapata nje ya mabanda kabisa, kwenye meza ya pembeni ambako mwalimu mmoja wa kijijini alikuwa na kompyuta ndogo yenye ukubwa wa kitambulisho cha taifa. Ndani yake alikuwa ameweka Kolibri, programu isiyolipiwa inayohifadhi masomo na kuyarusha kwa vifaa vya jirani bila intaneti. Nilitoa kishikwambi changu, ambacho hakikuwa na bando hata kidogo, nikaunganisha, na somo la hisabati kwa Kiswahili likafunguka mbele yangu. Tulikaa naye saa nzima. Alinionyesha hata kosa alilolifanya mwanzoni, la kuwapa watoto uhuru wa kuchagua somo wakaishia kwenye katuni. Hayo hayamo katika kijitabu chochote cha matangazo.

Wapo wanaoniambia kwamba hayo yote ningeyafuatilia kwa intaneti nikiwa Newala. Mei 2024 kimbunga Hidaya kilikata barabara ya Lindi kwenda Dar es Salaam maeneo ya Somanga, na mwezi huohuo hitilafu ya nyaya za chini ya bahari ikaifanya intaneti isuesue nchini. Ni miundombinu dhaifu hiyo inayonifanya nitafute mbinu zisizotegemea mtandao, na mbinu hizo ni vigumu kuzijifunza kupitia mtandao wenyewe. Ushahidi kwamba zinaweza kufaa upo hapahapa nchini: katika shindano la Global Learning XPRIZE, vishikwambi vyenye masomo ya Kiswahili vilijaribiwa kwa watoto wa vijiji vipatavyo 170 mkoani Tanga, vikichajiwa kwa umeme wa jua, na matokeo ya 2019 yalionyesha kwamba idadi ya watoto wasioweza kusoma hata neno moja ilipungua sana.

Kwa hiyo naona mabishano yetu yamekosa swali la msingi, ambalo ni nani aende na anarudi kufanya nini. Akienda mwalimu mkuu peke yake, anarudi na hotuba. Akienda mwalimu wa darasa peke yake, anakuta kabati bado limefungwa, kama nilivyolikuta mimi kwa miezi mitano. Ningependa waende wawili hao pamoja, hata kama ni mara moja kwa miaka mitatu, na kabla hawajaondoka wawe wamepangiwa tarehe za kuwafundisha wenzao.

Baada ya msimu wa korosho wazazi walichanga tukanunua kompyuta ndogo moja na betri ya kuchajia, maana umeme hukatika. Tangu Januari mkondo A wa darasa la tano unatumia vishikwambi sita kwa makundi siku za Alhamisi, na mkondo B unaendelea na ubao. Juni tutaziweka alama za mikondo yote miwili mezani, na walimu waliopinga safari yangu ndio watakaosahihisha karatasi.