Nani atakuja kupima mlango?

Mume wangu alipata kiharusi hapa England miaka minne iliyopita. Mdogo wangu alianguka mnazi kijijini kwetu, mkoani Tanga, akapooza kuanzia kiunoni. Huu mwaka wa tisa. Nikilinganisha huku na kwetu, nalinganisha vitanda viwili ninavyovijua.

Kabla mume wangu hajaruhusiwa hospitali, alikuja nyumbani dada mmoja na futi kamba. Akapima mlango wa choo, akapima kiti cha sebuleni kutoka sakafuni, akaniuliza usiku nani huamka. Vikaletwa vyuma vya kushikia ukutani na kiti cha choo cha kuweka kando ya kitanda. Wahudumu wakawa wanakuja mara nne kwa siku, wiki 6 za mwanzo bure. Nje wakafunga kisanduku cha namba chenye ufunguo ndani, ili hata nikiwa kazini waweze kuingia.

Haikuwa huruma ya mtu. Sheria ya matunzo ya England ya mwaka 2014 inailazimisha halmashauri kumfanyia tathmini kila anayeonekana kuhitaji msaada, na anayemtunza naye ana haki ya kutathminiwa. Nilipoelezwa hilo nililia. Mama yangu hajawahi kuulizwa na mtu yeyote mgongo unamuumaje.

Lakini ndugu zangu, msidhani huku ni peponi. Usipoulizia, hakuna atakayekuambia. Fomu ya posho ya ulemavu, hiyo wanayoiita PIP, inakutaka uandike mambo ambayo kwetu hata mke na mume wanasemezana kwa staha: nani anakuogesha, chooni unafanyaje. Mwenye akiba inayozidi pauni 23,250 hugharamia matunzo yake mwenyewe. Na wenzetu waliokuja kwa viza za kazi, ambazo haziwaruhusu kupokea fedha za umma, posho hiyo haiwahusu. Wahudumu nao wana nusu saa, leo huyu kesho yule. Wakiondoka, nyumba inanyamaza mpaka jioni.

Kwetu nyumba hainyamazi. Ijumaa vijana humbeba mdogo wangu mgongoni mpaka msikitini, na hakuna aliyewatuma. Hilo sijaliona huku, na hakuna posho inayoweza kulinunua.

Ila vijana wanakwenda kulala. Saa nane za usiku ni mama, mwenye miaka 67, anayeamka kumgeuza kwa kanga asipate vidonda vya kulalia. Mama akiugua, dada yetu hufunga genge lake aje kushika zamu. Alifunga mara nyingi mpaka genge likafa. Tunajisifu kwamba sisi hatutupi wagonjwa wetu, na ni kweli. Lakini mzigo huo una mbebaji, na karibu kila nyumba ninayoijua mbebaji ni mwanamke.

Sheria tunayo, ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010. Halmashauri zinatakiwa kutenga asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa mikopo isiyo na riba, na asilimia 2 ni ya watu wenye ulemavu. Ni jambo jema kwa anayeweza kufanya biashara. Asiyeweza kuvuka kizingiti cha chumba chake akope afungue nini? Yeye anahitaji pampasi, mpira wa mkojo, na mtu wa kumpumzisha mama hata siku mbili kwa wiki. Wahudumu wa afya ngazi ya jamii wanapita nyumba kwa nyumba. Wapewe na kazi hii, waingie mpaka chumbani, waandike kinachokosekana, na afisa ustawi wa jamii awe na fungu la kukinunua.

Kitimwendo mdogo wangu alishapewa na wafadhili. Kilikaa barazani miaka mitatu, kwa sababu mlango wa chumba chake ulipungua inchi nne. Waliokileta hawakuingia ndani. Mwaka jana nilipokwenda nikaupima, nikamwita fundi, akabomoa na kujenga upya. Saruji mifuko miwili, kazi ya siku tatu. Jioni ilipokauka, alijisukuma mwenyewe mpaka chini ya mwembe, akakaa huko mpaka ikaadhiniwa Isha.