Nyangumi Ameitika

Watu wakisikia "mashine ya kuzungumza na nyangumi" hudhani ni dude lenye mataa na skrini kila upande. Mimi niliyelibeba nawaambia: ni spika. Spika nzito, imezibwa isiingie maji, inashushwa baharini kwa kamba. Pembeni kuna haidrofoni, yaani maikrofoni ya majini, nayo inaning'inia kwa waya wake. Halafu kuna amplifaya, betri, kompyuta na fundi anayeumwa kiuno. Kazi yangu ya siku zote ni kufunga vyombo vya muziki kwenye sherehe, na lawama za huko zilinichosha. Daktari mmoja, mtafiti wa nyangumi, aliponiita, sikujiuliza mara mbili. Nyangumi hata ukimpigia wimbo mbovu hana pa kushtaki.

Daktari alikuwa na wimbo mmoja tu: Twain. Huyo ni nyangumi jike mwenye nundu, wa Alaska. Agosti 2021 watafiti walimpigia majini mlio ambao nyangumi wa aina yake hutumia kuitana, naye akaisogelea mashua, akaizunguka, akawa anaitikia kwa dakika 20 hivi. Milio iliyopigwa ilikuwa 36. Tena wakichelewesha mlio naye anachelewa, wakiharakisha naye anaharakisha. Daktari alitusimulia habari hiyo asubuhi, akaturudia mchana, na usiku akatukumbusha, hadi nahodha akamuuliza, "Samahani Daktari, huyu Twain ni ndugu yako wa damu?"

Siku yenyewe bahari ilikuwa shwari. Vibali tulikuwa navyo (usije ukabeba spika yako ukaenda kuwasumbua wanyama bure). Injini ikazimwa, maana sauti majini hukimbia karibu mita 1,500 kwa sekunde, zaidi ya mara nne ya hewani, na injini ikinguruma hatusikii sisi wala hasikii nyangumi. Spika nikaitundika tezi, yaani nyuma ya chombo. Haidrofoni nikaipeleka mpaka omo, yaani mbele, mbali kabisa na spika, nikaishusha ikawa karibu inagusa mbao za chombo. Mambo ya ufundi hayo, msiyatilie maanani. Kwa sasa.

Nahodha, mzee mmoja mpana, injini ikishazimwa hana kazi. Akapotea. Hakuna aliyeuliza kaenda wapi, na kwenye mashua ile mtu hana pa kupotelea.

Tukavaa visikizi: mimi, Daktari na mwanafunzi wake. Kama hujawahi kusikiliza bahari, utadhani kuna mtu anakaanga kitu huko chini. Ni kamba wadogo wanaofyatua magando. Gando likifyatuka linatengeneza kiputo, na kiputo kikipasuka ndiyo ule mlio. Wakapita pomboo, miluzi juu ya miluzi. Kila pomboo ana mluzi wake anaotambulikana nao, na mwaka 2013 watafiti walionyesha kwamba ukimpigia nakala ya mluzi wake mwenyewe, huitika. Hawa wetu walikuja, wakaikagua spika mbele na nyuma, wakaenda zao. Nadhani walituona hatuna jipya.

"Sasa piga," Daktari akaniambia.

Nikapiga ule mlio wa kuitana. Mashua nzima ikatetemeka kidogo chini ya miguu. Tukangoja. Kimya, kamba wakikaangana. Halafu, kwenye visikizi, mlio mzito, wa chini, wa kuvutika, ukaishia na kishindo: *Hrrrrrrr-mph.*

Daktari akanishika mkono. Kucha zake ninazo mpaka leo.

"Rudia."

Nikarudia. *Hrrrrrrr-mph.* Kwenye skrini mchoro wa sauti ukajitokeza mweusi, umelala chini kabisa, mahali hasa pa milio ya nyangumi. Daktari akasema tucheleweshe kidogo. Tukachelewesha, naye akachelewa. Akasema tuharakishe. Akaharakisha! Daktari akavua miwani akafuta macho. Mwanafunzi akaanza kuandika kwa kasi mpaka kalamu ikatoboa karatasi. Mimi mwenyewe, mtu wa sherehe, nywele zilinisimama.

Kitu kimoja tu kilikuwa kinanisumbua: sauti ilikuwa karibu mno. Mnyama wa mita kumi na kitu akiwa jirani namna ile, si ungeona hata mgongo? Mwanafunzi akachungulia kulia, akachungulia kushoto. Maji matupu.

"Yuko chini yetu," Daktari akanong'ona. "Msitembee."

Tukasimama hivyohivyo, mguu mmoja juu. Kwa minong'ono wakaanza kujadili jina la kumpa. Daktari alitaka jina la heshima, kwa kuwa, alisema, mlio huu unaonyesha mnyama wa makamo, mwenye busara. Kisha akanigeukia. "Ongeza sauti."

Nikaongeza. Mbao zikalia. Kwenye visikizi mlio ukaanza vizuri, ukakatika katikati, nyangumi akakohoa. Akakohoa tena. Halafu, kwa sauti iliyofunikwa na maji lakini isiyo na shaka yoyote, nyangumi akasema:

"Nyie! Punguzeni hilo dude, watu tumelala!"

Daktari alikuwa bado anaandika. Aliandika, nilimwona kwa macho yangu, "muundo mpya". Mwanafunzi ndiye aliyepata ujasiri wa kusema, "Daktari, mbona nyangumi ana lafudhi ya nahodha?"

Tukaenda omo. Mzee alikuwa amejilaza chini, kwenye kivuli, kichwa kimeegemea mbao za ubavu, na upande wa pili wa mbao zile ndipo ilipokuwa imening'inia haidrofoni. Kila nilipopiga mlio, mbao zilimtikisa, pumzi ikamkwama, kisha ikamtoka yote kwa mkupuo. Tukichelewa kumtikisa anachelewa. Tukimharakisha anaharakisha. Twain mtupu.

Mwanafunzi akajitahidi kumfariji bosi wake. Akamkumbusha kwamba jeshi la majini la Sweden liliwahi kusikia milio baharini likashuku nyambizi za kigeni, na wanasayansi walipochunguza wakagundua baadhi ya milio ile ni ya samaki, makundi ya heringi, wakitoa hewa kwa nyuma. "Sisi angalau tumepata sauti ya mdomoni," akasema. Daktari hakufarijika.

Nahodha alikaa kitako akasikiliza maelezo yote, kwa utulivu wa mtu ambaye usingizi wake umekatishwa na elimu.

"Na huo mlio mliokuwa mnapiga," akauliza, "maana yake nini?"

"Ni mwito tu, mzee," Daktari akasema kwa sauti ndogo. "Wanaitana. Mmoja anaita, mwenzake aliye karibu anaitika."

Nahodha akatafakari.

"Basi mmeita, nimeitika. Mashine yenu nzima." Akajilaza tena, akageukia ubavu. Kisha akainua kichwa. "Ila hiyo rekodi mke wangu asiisikie. Miaka yote namwapia kwamba sikoromi."