Kijana wa makao akifikisha miaka 18: darasa au chumba?

Wasioafiki makazi ya mpito kwa vijana wanaotoka kwenye malezi mbadala, yaani makao ya watoto au familia za kulea, wana hoja mbili, na hakuna ya kubeza. Kwanza ni gharama: chumba, msimamizi na simu ya dharura ya usiku, kwa mwaka mmoja au miwili. Pili ni utegemezi. Kijana aliyezoea chakula cha kengele, wanasema, hahitaji taasisi nyingine yenye jina jipya. Afundishwe kupika, kupanga bajeti na kuomba kazi akiwa bado makaoni, kisha akaishi kama wenzake.

Hoja ya pili hupendwa zaidi na wapangaji wa bajeti kwa sababu darasa ni rahisi kulihesabu. Lakini darasa lilishapimwa. Katika kaunti ya Los Angeles, Marekani, vijana wa umri wa miaka 17 waligawanywa kwa bahati nasibu: kundi moja likapewa mafunzo ya stadi za maisha, vipindi 10 vya saa tatu ndani ya wiki tano, na la pili likabaki na huduma zilizokuwepo. Ripoti ya mwaka 2008 haikukuta tofauti ya maana, si katika elimu, si katika ajira, si katika kipato.

Saa 30 zimekwenda bure, na si kwa sababu walimu walikuwa wabovu. Bajeti ya darasani huanza na fedha iliyokwisha kuingia. Mtaani kodi hulipwa mwanzoni mwa mwezi, ilhali mshahara wa kwanza huja baada ya kazi ya wiki nne, na nauli ya wiki hizo nne haina pa kutoka. Deni la kwanza linaletwa na tarehe, si ujinga wa hesabu. Tatizo linalofuata ni wenzake kijana. Waliokua naye makao yale yale hawana pa kulala, naye hawezi kuwafungia mlango, maana hao ndio ndugu alionao. Majirani wanalalamika, mwenye nyumba anaandika. Ukifika kwa kijana aliye karibu kufukuzwa, mara nyingi utakuta barua zimepangwa vizuri juu ya kabati, hata moja haijafunguliwa. Kusoma anajua. Anachokosa ni mtu wa kukaa naye wakati anafungua.

Msimamizi mzuri hufanya mambo ambayo hayaingii katika mtaala. Barua zinafunguliwa pamoja siku moja maalumu kila wiki. Mwenye nyumba anakubaliana naye tangu mwanzo kwamba kodi ikichelewa siku tatu ampigie msimamizi simu, asingoje deni lifike miezi mitatu. Kijana anachangia kodi tangu mwezi wa kwanza, hata kama ni sehemu ya kumi tu, na mchango unapanda hadi alipe yote miezi kadhaa kabla ya usaidizi kwisha. Kuhusu wageni, msimamizi anakubali lawama: kijana ana ruhusa ya kusema “msimamizi hataki,” hata kama amri ni yake mwenyewe. Na umeme wa kulipia kabla ukiisha, msimamizi hakimbilii kununua. Giza la usiku mmoja linafundisha kuliko kipindi cha saa tatu.

Usaidizi wa namna hii nao umepimwa. Huko Tennessee, jimbo jingine la Marekani, shirika la Youth Villages humpa kijana mtu wa kumtembelea kila wiki kwa takriban miezi tisa, na kila mhudumu ana vijana wapatao wanane tu. Baada ya mwaka mmoja kipato kilipanda na kuhangaika na makazi kulipungua, ingawa kwa kiasi cha wastani, elimu haikuguswa. Si muujiza, ila ni zaidi ya sifuri ya Los Angeles.

Wakosoaji wana pigo moja zito. Utafiti uliofuatilia vijana wa Illinois, Wisconsin na Iowa ulionyesha kuwa kuwaruhusu kubaki katika malezi hadi miaka 21, kama Illinois ilivyofanya, kulichelewesha kukosa makazi, hakukuzuia. Walipofika miaka 26, kati ya asilimia 31 na 46 walikuwa wamewahi kukosa pa kuishi. Ni kweli. Lakini tazama kilichotokea wakifika 21: usaidizi na mahali pa kuishi viliondoka pamoja, kama ilivyokuwa kwa wenzao wa 18. Dawa ni kuvitenganisha. Msimamizi apunguze kuja, mkataba uhamie kwenye jina la kijana, naye abaki na funguo zile zile. Gharama halisi iko hapa, maana programu inapoteza chumba kila inapofaulu na inalazimika kutafuta mwenye nyumba mwingine.

Nyumba ya pamoja yenye mlinzi na daftari la kusaini bado ina wateja wake: wa wiki za mwanzo, mjamzito, anayeweza kujidhuru. Ikigeuzwa kuwa mpango wa kila mtu, wakosoaji wa utegemezi watakuwa wamepatia.

Kisha kiwepo kifungu cha kurudi: atakayepoteza chumba ndani ya mwaka apokelewe bila kuomba upya. Hilo linadai kitanda kimoja kiwe wazi muda wote, na kwenye ripoti ya robo mwaka kitanda wazi huandikwa kama hasara, ndiyo maana huwa cha kwanza kufutwa.